Ukili wa Mlango wa Saba

Nilipomaliza shule ya sekondari, miaka ya hamsini ikiwa ndiyo imeanza, nilirudi kwetu Nachingwea na cheti na majivuno tele. Barua ya kazi ya ukarani ilikuwa bado. Baba hakutaka nikae bure. Akanipeleka Mbekenyera kwa shehe aliyemfundisha yeye Kurani, nikasome elimu ya kuutakasa moyo mpaka nipate ijaza.

Ijaza ni ruhusa ya kufundisha, na haina mtihani. Unamsomea mwalimu kitabu chote, neno kwa neno, naye anasikiliza na kusahihisha, kama yeye alivyomsomea mwalimu wake. Ukimaliza, jina lako linaandikwa chini ya jina lake.

Mwalimu wangu alikuwa haoni tena. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunga macho yote mawili. Kitabu alikuwa nacho kichwani. Asubuhi tulipalilia ufuta wake, alasiri tukakaa barazani, mimi nikasoma Kiarabu, yeye akafafanua kwa Kiswahili, na palipokuwa pagumu kwa Kimwera. Mikono yake haikukaa. Alisuka ukili, utepe wa miyaa ya mkindu unaoshonwa kuwa mkeka. Kila mlango wa kitabu ulikuwa na ukili wake: tukianza mlango aliuanza, tukimaliza aliukata. Milango ilikuwa kumi na miwili. Mwishoni mkewe, ambaye sote tulimwita mama, alizishona kili zote pamoja zikawa mswala, na mwanafunzi aliondoka nao pamoja na ijaza yake.

Tulikuwa wanafunzi wawili. Mwenzangu alikuwa mkulima mwenye watoto wanne, msomaji wa polepole mno. Kwa mstari mmoja aliweza kutoka jasho.

“Bwana karani,” aliniambia siku moja, “mbona unasoma kama mtu anayeachwa na lori?”

“Na wewe unasoma kama unayevuta lori lenyewe.”

Mwalimu alicheka mpaka akapoteza hesabu ya miyaa yake, ikabidi afumue.

Nilikuwa nimemaliza mlango wa sita barua ilipokuja. Natakiwa Nachingwea baada ya siku kumi na mbili. Nilimweleza mwalimu, nikamwomba tusome asubuhi na jioni.

“Tutasoma, mwanangu,” alisema. “Lakini palizi nayo inangoja. Ukishindwa kumaliza, utarudi siku za mapumziko.”

Sikutaka kurudi. Nilitaka kuingia Nachingwea na ijaza mkononi, baba aione, na wenzangu waione.

Mlango wa saba ulihusu kunyamaza. Ulikuwa na kurasa nyingi, na mimi nilijiuliza mtu asomee nini kunyamaza. Kitabu kilikuwa kimefumuka, kurasa zimelala tu kati ya vibao viwili. Alasiri ile mwenzangu alikuwa shambani akifukuza nguruwe. Nilisoma mistari michache ya mwanzo, nikashika kurasa zilizobaki kwa pamoja, nikazigeuza.

Vidole vya mwalimu vikasimama.

“Tumefika wapi?”

“Mlango wa nane, mwalimu.”

“Wa nane,” alisema. Akauweka kando ukili aliokuwa ameuanza, akachukua miyaa mingine, akaanza upya. Hakuniuliza tena.

Siku ya mwisho niliiandika ijaza mwenyewe, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, yeye akinitajia maneno. Nikaandika kwamba nimemsomea kitabu kile tangu mwanzo hadi mwisho. Akaniambia nimsomee tena mstari ule. Nikamsomea. Uso umenielekea, akanyoosha kidole gumba nikipake wino.

Mama alikuja na mswala. “Mbona mwembamba hivi? Kijana mwenyewe mrefu, magoti yatalala mavumbini.”

“Ushone hivyo hivyo,” mwalimu alisema. “Na pindo usilitie upande mmoja.”

“Mkeka gani huo, baba?”

“Atakuja kulitia.”

Nilijifanya nafunga mzigo wangu.

Nilirudi kumsalimu karibu mwaka mmoja baadaye, nimevaa viatu, nimebeba sukari na kanzu mpya. Mama alinipokea uani. “Mwalimu wako ana mlango mmoja anaousoma peke yake alasiri,” aliniambia. “Namuuliza, unamsomea nani? Anasema ni wa yule kijana wa Nachingwea, asije akausahau kabla hujafika.”

Barazani, kwenye boriti, uliningʼinia ukili mfupi uliokauka.

Mwalimu aliupapasa uso wangu, akasema nimenenepa, kazi ya kukaa kitini hiyo. Alifurahia kanzu. Kisha akasema, “Nami nilinyamaza, nikawa nakungoja useme. Ukili wako upo. Umekuja kumalizia?”

Hakukuwa na ukali wowote katika sauti yake. Ningesema neno moja tu, tungeanza palepale. Lakini mwenzangu alikuwa amekaa pembeni na kitabu magotini, yuko mlango wa tisa, naye aliinua macho. Nikaona aibu.

“Nimekuja kukusalimu tu, mwalimu. Nawahi lori la Ruangwa.”

“Haya, mwanangu. Lisikuache.”

Alifariki kabla ya ufuta mwingine kukomaa. Mwenzangu alikuwa ameshamaliza, na mswala wake ulikuwa mpana. Alifundisha Mbekenyera mpaka uzeeni, na watu wakija kwangu kuomba ijaza ninawaelekeza kwa aliowafundisha yeye. Hawaelewi kwa nini. Wengine hudhani ni unyenyekevu.

Mswala ninao. Upande usio na pindo umefumuka karibu nusu, na nimemkataza binti yangu kuushona. Mlango wa saba nimeusoma peke yangu mara nyingi tangu hapo. Kumbe si mrefu kama nilivyodhani. Alasiri moja ingetutosha, na lori ningeliwahi.