Vyombo Vilivyorudi Vitupu

Nilikosa, na sina wa kumsingizia. Chakula cha baba yangu mgonjwa nilikula mimi.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Shule niliachia darasa la tano, nikachuma chai Bulwa, nikabeba mizigo Mombo. Baba alipolazwa hospitali ya Lushoto kwa nimonia, ndugu walisema sina shamba wala mke, basi nikamuuguze.

Dada alipika kijijini: uji wa karanga, mayai, maharage. Asubuhi kondakta wa basi ananiletea, jioni namkabidhi vyombo. Kwetu vyombo vikirudi vitupu, nyumbani wanajua mgonjwa anapata nafuu.

Baba alikula vijiko viwili, akachoka.

"Malizia wewe," aliniambia. "Dada yako akiona kimerudi hatalala."

Nikamalizia. Siku ya kwanza kwa huruma, zilizofuata kwa njaa. Muuguzi akiuliza kama mzee amekula, namjibu amemaliza. Dada akafurahi, akaongeza mayai.

Jamani, mimi huuliza kila kitu! Niliuliza mtungi wa oksijeni unafanyaje kazi, na kwa nini wanambana baba kidole kwa kile kidude cha kupima hewa mwilini. Sikuuliza mzee asipokula inakuwaje.

Homa ikaondoka. Nikajua tumepona. Kumbe makohozi yalibaki kifuani, baba hana nguvu ya kuyatoa, na mapaja yamekuwa membamba kama mikono. Muuguzi akampima mkono kwa utepe aone alivyokonda, kisha akanitazama mimi niliyenawiri.

"Kaka, anakula mzee au unakula wewe?"

Nikasema ukweli. Hakufoka. Alisema dawa inaua ugonjwa tu, nguvu ya kuinuka inatoka kwenye chakula. Wangejua mapema wangempa kidogo kidogo, mara nyingi, au kwa mpira wa puani.

Tulikaa wodini wiki nyingine nyingi. Baba yuko hai. Lakini yeye aliyepandisha mlima na mzigo wa kabichi kichwani, leo anainuliwa na watu wawili kwenda chooni. Dada alishajua yote, na ananisalimia vizuri. Ila wakati wa kumlisha baba, ananiomba nitoke nje.

Nimechoka kulibeba hili moyoni. Wewe unayeuguza mzee, akishindwa kula usione haya kusema. Mwambie muuguzi siku hiyo hiyo, na nyumbani wasikie. Wakasirike, walie, lakini wajue wakati mzee bado ana miguu.