Posa ya Kutafutia Kura

Baba yangu alikuwa prezida. Prezida wa nini? Wa jumuiya yetu ya Wakongo hapa ughaibuni, Brooklyn Center, basi, watu wa kukodi ukumbi wa kanisa na kugombania maikrofoni. Wazee wetu walikimbia vita wakaacha nyumba, mashamba, hata picha za harusi zao. Lakini vile vyeo vya Kifaransa tulivyoachiwa na wakoloni, wapi! Hivyo walikuja navyo: prezida, sekretera, komite. Na kwa ajili ya hivyo wakachukiana kweli kweli.

Mimi nikaenda kumpenda mtoto wa kiume wa mpinzani wake wa cheo hicho. Baba alipojua, alipiga meza. "Ng'o! Mtu wa nyumba ile hakanyagi zulia langu!" Tukawa tunaonana ndani ya gari, kwenye maegesho ya duka moja kule Woodbury, mbali na macho ya akina mama wa kwaya.

Halafu, uchaguzi wa jumuiya ukiwa umekaribia, baba akageuka ghafla. Waje, akasema, walete posa. Nilifurahi kama mjinga.

Kwetu wageni wa posa wakishakaa, binti huitwa akaulizwa mbele ya watu wote kama anawajua. Akisema ndiyo, mazungumzo yanaendelea. Akisema hapana, wanavaa viatu na kuondoka na aibu yao. Siku yenyewe, baba akanifuata jikoni nikipika sombe, majani ya muhogo.

"Utasema huwajui. Tuone nani atampigia kura mzee aliyefukuzwa na msichana."

"Papa, mimi nampenda."

"Utapenda mwingine."

Nikautupa mwiko ndani ya sufuria. Baba mzima, ananifanya chambo!

Wageni wakaja, buti zao za theluji zikajaa mlangoni. Nikaitwa. Baba akanikazia macho. "Mwanangu, hawa watu unawajua?"

"Nawajua, Papa. Nawajua vizuri."

Vigelegele! Kabla havijatulia, baba wa mpenzi wangu akasimama. Hakugusia ndoa wala mahari. "Mmesikia wenyewe! Binti yake yuko upande wetu. Prezida hata nyumbani kwake hana mtu. Sasa mnajua pa kupeleka kura zenu!" Watu wake wakapiga makofi. Mpenzi wangu naye akapiga, tena kwa nguvu, huku anamtazama baba yake.

Nikatoka nje bila koti. Mpenzi wangu akanifuata mbio.

"Mbona umekasirika? Tumeshinda!"

"Mlipanga?"

"Papa wangu alisema ukikubali mbele ya watu, kura tumezipata."

Kumbe! Nimemvua baba yangu nguo hadharani kwa ajili ya mapenzi, na wenzangu walikuja kwenye kampeni.

"Basi nenda ukazioe hizo kura," nikamwambia.

Baba alikuwa anawatoa wageni mmoja mmoja, wengine buti mkononi. Wa mwisho alipotoka, akafunga mlango kwa ufunguo. Niligonga. Nilimwita Papa, nikamwita tena, naye nilimsikia akipumua upande wa pili. Hakufungua.