Kura Niliyokataa Kuitoa

Nilizaliwa Malukhu, Mbale, nikasomea uuguzi Jinja, kisha nikaenda kufanya kazi katika hospitali ya mji mdogo huko Kanada. Miaka ilipita, na watu niliowauguza wakanichagua kuwa mbunge katika bunge la mkoa wao.

Baadaye chama chetu kikaamua kuifunga hospitali ile. Kiongozi wetu aliniita ofisini kwake.

"Piga kura pamoja nasi," aliniambia, "na uwaziri ni wako."

Siku ya kura, nilipinga bungeni mbele ya wote. Wakanifukuza chamani, na uchaguzi uliofuata nikasimama bila chama, nikashindwa.

Mwaka huu nilirudi Mbale. Kaka yangu, mwenye duka la jumla, alinimiminia chai mbele ya wateja wake.

"Dada, ungenyamaza tu. Leo ukoo wetu ungekuwa na waziri. Kwani hospitali si walifunga?"

"Walifunga."

"Basi ulipata nini?"

"Nilipata kuwatazama wagonjwa wangu usoni. Wakiniita kupiga kura ile kesho, nitapinga tena."

Alitikisa kichwa, akaenda kumpimia mteja sukari. Nilikunywa chai yangu taratibu, bila haraka ya kumridhisha mtu.