Mpishi wa Misiba ya Mtaa Wetu

Asubuhi moja ya kawaida, mke wangu alikaa barazani akichagua mchele na kubishana na redio. Redio ikasema bei ya unga imeshuka. "Imeshukia kituo gani, baba? Huku Chamazi haijafika," akaijibu, akawatupia kuku chuya. Nikacheka. Yeye ndiye alikuwa mpishi wa misiba yote ya mtaa, viganja vigumu kwa mwiko, sauti inafika mpaka uani kwa jirani. Wakimuuliza yuko chama gani, husema chake ni kile cha kufa na kuzikana. Lakini siku ya kura huvaa kanga mpya, anawahi foleni.

Mwaka wa uchaguzi, binti wa Hamisa, jirani yetu, alifariki kwa uzazi. Bajaji iliyokuwa inamuwahisha hospitali ilikwama kwenye tope la barabara yetu. Siku ya kuzika, jeneza liko tayari kutoka, mgombea mmoja akashika kipaza sauti, akaanza kuahidi lami. Jua linapanda, yeye anaahidi tu. Hamisa analia ndani, na sie wanaume tunatazama kandambili zetu. Mke wangu akaacha sufuria la wali, akaja na mwiko mkononi. Wapambe wakamzuia: "Mama, subiri mheshimiwa amalize." Akawapita. Alipofika mbele ya mgombea, hakupandisha sauti:

"Barabara tunaitaka, mwanangu, na kura tutapiga. Lakini leo huyu ni wa mama yake. Kaa chini, mtoto akasitiriwe."