Papa Alipocheza Maiti

Harufu ya kloro hainichukizi kama inavyowachukiza wenzangu. Ninafanya kazi Beni, kwenye kituo cha afya, na asubuhi mashuka yanapolowekwa wao huziba pua. Mimi hukumbuka Butembo, mwaka ule Ebola ilipotoka upande wa Mangina ikatufikia. Kila mlango uliwekewa ndoo yenye robine, bomba dogo la kunawia, na mikono yetu watoto ilinuka kloro hata tukila fufu.

Papa yangu alikuwa seremala. Zamani alitengeneza vitanda na makabati. Mwaka ule alitengeneza zaidi masanduku ya maiti. Jumapili alicheza teatre katika kikundi cha parokia. Michezo yao tuliijua: mlevi anatubu, msichana anarudi masomoni, Pilato ananawa mikono. Watu walipiga makofi kwa adabu, kisha wakaenda kunywa kasiksi, pombe ya ndizi.

Kiongozi wa kikundi, Mama Masika, muuza vikwembe, yaani vitenge, ndiye aliyeleta wazo lile. Alitunga mchezo wa kuchekesha juu ya maiti. Mtu amekufa, ndugu wanataka kumwosha, watu wa mavazi meupe, wazikaji wa wafu wa Ebola, wanataka kumtia kwenye mfuko, wakwe wanagombania koti lake. Maiti anachoka na kelele, anaketi ndani ya sanduku na kusema, "Mutoke bote! Nitajizika mie mwenyewe." Maiti huyo alikuwa Papa.

"Unataka kuita lufu ku nyumba?" Mama alimwuliza, akiogopa kwamba kifo kitamsikia.

"Lufu inajuaka njia, hapana ngojea kuitwa," Papa akajibu, akiendelea kupiga randa.

Padri naye alisita. Alisema watu bado walikuwa na machozi. Mama Masika alimjibu mlangoni mwa kanisa, nasi tukisikia: "Balisha lia mingi, mon père. Tubapatie nafasi ya kucheka kidogo." Padri akasema sawa, lakini yeye ataketi karibu na mlango.

Papa alijifunza maneno yake nyumbani, amelala ndani ya sanduku katikati ya sebule. Tulimpelekea chai humo humo. Baada ya siku chache hata mdogo wangu aliruka sanduku lile bila kutazama ndani.

Alasiri ya mchezo, sali ya parokia, ukumbi wetu wa mikutano, ilijaa. Mama, aliyekuwa ameapa hatakwenda, alikuja na dada yake, Mama Mukubwa Kavugho. Huyu aliuza maharagi waliyoyaweka katika depo, yaani ghala, na zamani sauti yake ilisikika ng'ambo ya soko. Kisha mume wake, Papa Mukubwa Paluku, akafia kwenye kituo cha matibabu. Walimzika wale wa mavazi meupe. Mke wake alisimama mbali, nyuma ya kamba, na uso wa mume wake hakuuona. Tangu hapo alinong'ona tu, tena lile la lazima.

Mchezo ukaanza, na hakuna aliyecheka. Papa aliketi ndani ya sanduku, pamba puani, akaonyesha mfuko, akauliza, "Munaniweka mu sashe kama mukate?" Mzee mmoja alisimama, akasema, "Aibu gani hii!" akatoka. Padri akatazama viatu vyake. Jasho lilimtiririka Papa mpaka kwenye kola.

Ndipo Mama Mukubwa akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kama kikohozi, kisha kingine kirefu. Akainuka, akapita kati ya mabenchi, akasimama mbele ya sanduku.

"We Paluku," akasema, kwa sauti yake ya sokoni. "Ufunguo ya depo uliweka wapi?"

Papa alimtazama Mama Masika. Mama Masika alitazama dari.

"Nilisahau kukuambia," Papa akasema polepole.

"Ulisahau! Mutu anaenda safari ya vile, anasahau? Nilivunja kufuli na nyundo, mie mwanamuke!"

Sali ikaangua kicheko. Yeye hakugeuka. Akaendelea kwa Kinande: kukoroma kwa mume wake, mbuzi aliyemwuza bila kuuliza, kofia aliyokataa kuivua hata mezani, harusi ya binti yao ambayo sasa yeye angeiendea peke yake. Watu walicheka huku wakijipangusa macho kwa pembe za vikwembe. Mara moja moja Papa alijibu, "Uko na haki, mama."

Mwishowe Mama Mukubwa akachoka. Akamnyoosha Papa kola, ingawa mwaka ule hatukuwa tukigusana.

"Basi, lala sasa."

Papa akalala. Mama Mukubwa akaweka mfuniko yeye mwenyewe.

Mchezo uliishia hapo, na mimi nilikasirika. Nilikuwa nimengojea yale maneno makubwa ya Papa, ya kujizika mwenyewe. Njiani nikamwuliza mbona hakuyasema.

"Haikuwa lazima tena," akasema.

Nilidhani ameyasahau, na kwamba Mama Mukubwa alikuwa ametuharibia mchezo. Mwaka jana, hapa Beni, nilikwenda kwenye kilio cha jirani aliyekufa kwa uzee. Mjane aliketi kando ya uso wa mume wake, akimgombeza kwa sauti ya chini, jambo moja baada ya jingine, mpaka mfuniko ulipoletwa. Hakuna aliyemnyamazisha. Nilisimama pale nikihesabu miaka, na mambo yakanikalia sawa kichwani. Papa Mukubwa Paluku alizikwa mara mbili, na mara ya pili mke wake alikuwepo.