Vitufe vya Baba

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni aibu kulisema hilo. Kabla ya kuweka programu yoyote kwenye simu yangu, nasoma kwanza ruhusa inazoomba. Tochi inataka majina ya watu ninaowapigia, ya nini? Kalenda inataka kunisikiliza. Mchezo wa kupanga matofali unataka kujua niko wapi, kana kwamba matofali hayapangiki mpaka yaambiwe niko mtaa wa Ziwani. Nilipochoka kukataakataa, nikaamua kuandika tochi yangu mwenyewe. Nilijifunza kwa video, kwenye kompyuta ya mitumba, na siku taa ilipowaka kwa kitufe nilichokichora mwenyewe nilifurahi kupita kiasi. Tochi yangu haiombi kitu. Inawaka, inazimika, basi.

Baada ya tochi nikaandika kikokotoo, halafu programu ya kunikumbusha siku ya mgao wetu wa maji. Hakuna aliyezitumia isipokuwa mimi, na sikujali. Riziki yangu inatoka kwingine. Nina meza katika chumba cha kuchapa hati karibu na mahakama za Makadara, na kutwa nzima nachapa viapo: mume anayeapa hana mali, jirani anayeapa hakumgusa mwenzake. Kazi hiyo haimfanyi mtu awe mwepesi wa kuamini. Lakini kushuku kwangu hakukuanzia hapo. Nilikurithi kwa baba.

Baba alifanya kazi katika karakana ya reli mpaka akastaafu, na sijaona mtu mgumu wa kuamini kama yeye. Tukienda Soko la Burma kununua nyama, alimwambia muuzaji aondoe mikono yote miwili mezani kabla hajakubali kusoma mizani. Redio ikitangaza kuwa Nairobi kunanyesha, alitoka nje kuhakikisha. Ndiyo maana kiharusi kilipomnyang'anya maneno niliona kimemwonea. Mkono wa kulia ulilegea, mdomo ukapinda kidogo, na kila alichotaka kusema kikawa kinatoka kama mngurumo. Akili ilikuwa timamu. Macho yake yalifuata kila kitu chumbani, na yalikuwa na hasira.

Mama alikuwa amefariki miaka michache kabla ya hapo, tukamzika nyumbani, magharibi, kwa hiyo tulibaki wawili katika ile nyumba ya kupanga ya kaunti. Nikienda kazini, jirani wa ukuta mmoja alinisaidia kumwangalia. Nikirudi, ananipa habari: "Leo mzee amesema anataka uji, nikampea." Amesemaje, na mtu hana neno? Watu wa kanisa walikuja kuomba, baba akanguruma, wakasema mzee anaitikia amina. Mimi niliufahamu mngurumo ule. Haukuwa amina. Kilichonikera kuliko ugonjwa wenyewe ni jinsi kila aliyeingia pale alivyojipa kazi ya kumsemea.

Ndipo nikamwandikia programu. Ni ukurasa wenye picha. Kila picha ni kitufe, ukikibonyeza simu inasema. Sikutaka picha za kuokota mtandaoni. Nilipiga picha vitu vyetu vya mle ndani: kikombe chake cha bati, chupa ya chai, redio, blanketi, mlango wa choo, paketi ya dawa. Mwanzoni nilitumia ile sauti ya mashine iliyomo kwenye simu, inayosoma Kiswahili kama mtalii. Baba aliisikiliza mara moja, akaisukuma simu mbali. Basi nikarekodi sauti yangu. Nataka chai. Nasikia baridi. Nimechoka. Ndiyo. Hapana.

Hakuiamini hiyo nayo. Aliigeuza simu akaitazama mgongo. Kisha akabonyeza chai, huku kikombe cha chai kimejaa mbele yake, aone nitafanya nini. Nikaleta kikombe kingine. Akabonyeza tena, nikaleta kingine. Akabonyeza "Hapana," upande mmoja wa mdomo wake ukacheka, nami nikaenda jikoni nikalia. Sikulia kwa huzuni. Tangu tutoke hospitali ilikuwa mara ya kwanza akatae kitu na kukataa kwake kukasikika.

Tangu siku ile alijitawala. Watu wa kanisa wakirefusha maombi, simu ilisema "Nimechoka" kwa sauti yangu, katikati ya ombi, nami nikajifanya natafuta kitu chini ya meza. Jirani alinisubiri mlangoni kunilalamikia. "Buda yako siku hizi ni kichwa ngumu. Hiyo simu umempea inamharibu." Nikamwambia imeanza kufanya kazi, basi.

Halafu akaja baba mdogo. Ndiye anayemfuata baba kwa kuzaliwa, na alitoka nyumbani na mfuko wa mahindi mabichi na neno moja: amekuja kumchukua ndugu yake.

"Mtu mgonjwa anakaa kwao," alisema kabla hajamaliza chai. "Hapa anakaa na ukuta. Wewe, binti yangu, unatoka asubuhi unarudi giza. Huko kuna watu."

Nilimshuku papo hapo. Nyumba yetu imeandikwa kwa jina la baba, na mtaani kulikuwa na tetesi zisizokwisha kwamba nyumba hizi kuukuu zitabomolewa na wapangaji wapewe nafasi kwenye maghorofa. Baba mdogo ana kijana wake anayepanga Kayole, na kila tukionana haachi kulalamikia kodi. Nilijumlisha mambo hayo mawili haraka sana. Naye, kama nilivyokuja kugundua, alikuwa amenijumlisha mimi: binti asiye na mume, anayekaa kwa baba yake, anayemhitaji mzee awepo ili mlango uendelee kuwa wake. Kwa kweli hata mimi ningemsikia mtu akieleza hesabu hiyo, ningeiamini.

"Tumuulize mwenyewe," nikasema, kwa ujasiri wa mtu anayelijua jibu.

Baba mdogo akamwinamia, akamuuliza kwa lugha yetu kama anataka kwenda nyumbani akaishi huko. Baba aliitazama simu kwa muda, akabonyeza "Hapana." Sauti yangu ikajaa chumbani. Baba mdogo hakumtazama baba. Alinitazama mimi.

"Huyo aliyekataa ni nani?"

"Ni baba."

"Sauti ni yako. Maneno ni yako. Ya ndugu yangu hapo ni kidole tu."

Akaichukua simu, akabonyeza kitufe kimoja kimoja huku ametega sikio, kama mtu anayegonga matikiti sokoni. Chai, uji, choo, baridi, dawa, redio. Alipofika mwisho akaniuliza, bila ukali wowote, "Neno la nyumbani liko wapi?"

Nikasema swali kama hilo linajibiwa na "Hapana" au "Ndiyo."

"Hiyo ni ya kujibu mtu akiuliza. Sasa akitaka kuanza yeye mwenyewe kusema nyumbani, anabonyeza wapi?"

Nilikasirika sana, na nilikasirika kwa sababu kitufe hicho sikuwahi kukifikiria. Kesho yake kazini mwanamke mmoja aliketi mbele yangu kutoa kiapo chake. Nilipomsomea nilichochapa, akatabasamu, akasema hakusema hivyo hasa, lakini niache tu, nimeandika vizuri. Nilichapa upya, na hilo jambo halikunitoka kichwani mpaka nikafunga kazi.

Jioni nikamwambia baba mdogo kwamba nitaongeza vitufe viwili, kimoja cha kwenda na kimoja cha kukaa, naye asimamie kila hatua. Hapo ndipo mashaka yetu yalipopata kazi ya kufanya. Alitaka kitufe cha nyumbani kisemwe na yeye, kwa lugha yetu, maana kwa sauti yangu hata nyumbani kungesikika kama jela. Nikakubali. Akajikohoza, akarekodi kwamba anataka kwenda nyumbani. Nami nikarekodi, "Nataka kukaa hapa." Akauliza kwa nini changu ni cha kijani na chake cha kijivu, nikavifanya vyote vya bluu. Akaona changu kiko kushoto, na mkono mzima wa baba ni wa kushoto; nikavipanga kimoja juu ya kingine. Kipi kiwe juu? Nikaweka chake, asije akaniletea maneno baadaye. Akatoa njiti ya kiberiti, akapima kama vinalingana. Mimi nami nilimsikiliza tena alichorekodi, neno kwa neno, nisije nikakuta amechomeka humo sala au kitisho. Muda wote huo baba alikuwa kitandani anatutazama tukigombania kioo cha simu, na sikumbuki kama mmoja wetu aligeuka kumwangalia.

Tukampa simu. Akavitazama vitufe vyote viwili. Akabonyeza cha juu, na sauti ya ndugu yake ikasema anataka kwenda nyumbani. Baba mdogo akanyanyua kichwa. Kabla hajafungua mdomo, baba akabonyeza cha chini, nami nikajisikia nikisema nataka kukaa hapa.

"Chagua kimoja, baba," nikasema.

Akabonyeza cha juu. Akabonyeza cha chini.

"Amechanganyikiwa," baba mdogo akasema, kwa sauti ya chini, kana kwamba masikio ya mgonjwa nayo yalikuwa yamekwenda.

Mimi nilidhani simu imekwama. Nikaichukua, nikaifunga programu, nikaifungua tena, nikajaribu kila kitufe. Vilikuwa sawa. Nikamrudishia. Cha juu, cha chini. Sasa alikuwa anabonyeza kwa nguvu, ukucha unagonga kioo, na mngurumo umeanza kumtoka. Baba mdogo akanyoosha mkono ampokonye simu kabla hajaivunja, na baba akauchapa ule mkono kofi.

Hasira hiyo niliijua. Ni ile aliyokuwa nayo Burma, muuzaji anapojifanya haelewi anachoambiwa. Mtu aliyechanganyikiwa hakasiriki namna ile. Nikaacha kukitazama kidole, nikasikiliza, na ndipo nikatambua kwamba hajaanza na cha chini hata mara moja. Kila mara ni kwenda, halafu kukaa.

"Baba," nikasema, "unataka kwenda nyumbani, halafu urudi ukae hapa?"

Akabonyeza "Ndiyo." Akakibonyeza tena na tena, upesi upesi, mpaka sauti yangu ikawa inajikata yenyewe njiani. Baba mdogo akaketi kwenye stuli. Tulikuwa tumempa maneno mawili, kila mmoja wetu lake, yeye akayaunga akapata sentensi, nasi tukasema amepotewa na akili. Kati yetu sisi wawili, na ujanja wetu wote wa kukisia nani anataka nyumba ya nani, hakuna aliyewaza kwamba mtu anaweza kwenda akarudi.

"Unataka kwenda kufanya nini, ndugu yangu?" baba mdogo akamuuliza, safari hii akimtazama yeye.

Baba akapitia kurasa zote za vitufe, taratibu, asipate kitu. Kisha akainua macho ukutani, kwenye picha ya mama.

"Kwa mama?" nikamuuliza.

"Ndiyo," simu ikasema.

Kabla ya kiharusi alikuwa akienda kila mwaka kupalilia kaburi lake, peke yake, na tangu augue hakuna aliyemtajia safari hiyo. Nilikuwa nimepiga picha kila kitu mle chumbani, hata mlango wa choo, nikaipita ile picha kila siku. Niliumia, na sitaki kujifanya kuwa sikuumia.

Tulikwenda wote watatu. Tulikubaliana mimi na baba mdogo, tukipeana mikono kama watu wasioaminiana, kwamba baba atakaa huko wiki chache kisha nitamrudisha Ziwani. Nilitumia jioni zangu kabla ya safari kumwongezea vitufe vipya: mama, kaburi, pole, nimekukumbuka. Hicho cha mwisho nilikirekodi mara nyingi mpaka nikaridhika nacho.

Asubuhi ya kwanza tulimbeba na kiti chake mpaka kaburini, nyuma ya nyumba. Nikamwekea simu mapajani, ukurasa mpya ukiwa umefunguliwa. Aliitazama. Akapitisha kidole juu ya vitufe vyangu vyote bila kubonyeza hata kimoja, kisha akainyanyua akanirudishia. Kwa mkono uleule akatuashiria tuondoke, mimi na ndugu yake. Tukasogea. Akaashiria tena, tukasogea zaidi, mpaka tukafika ukingoni mwa shamba la mahindi.

Akaanza kusema. Ulikuwa mngurumo uleule wa siku zote, lakini ulipanda na kushuka, ukanyamaza kama anayengoja kujibiwa, ukaendelea. Alisema kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshika simu, nimetega sikio, na baba mdogo kando yangu ametega lake.

"Anasema nini?" akaninong'oneza.

"Sijui," nikamwambia. "Hasemi na sisi."