Mfungwa wa Mume Wangu

Mume wangu alikuwa na sauti mbili. Moja ilikuwa ya kanisani, kavu na ya juu, iliyowafikia hata wale wanaosinzia viti vya nyuma. Ya pili ilikuwa ya chini na ya taratibu. Hiyo alinisemesha nayo tangu siku za uchumba wetu kule Iringa, na hata watoto hawakuipata isipokuwa wakiugua. Niliamini ni yangu peke yangu. Siku moja mvua ilinyesha ghafla hapa Mbeya, nikampelekea mwavuli gerezani alikokwenda kuhubiri. Nilimkuta amechuchumaa kwenye seng'enge, anaongea kwa sauti ile ya chini na mtu aliyemuua kaka yangu.

Sikumpa mwavuli. Niligeuka nikarudi nao nyumbani, na nilifika nimelowa chapachapa kwa sababu sikukumbuka kuufungua.

Kaka yangu alikuwa mzaliwa wa kwanza na mimi wa mwisho. Wa katikati hawakuishi. Nilipoanza shule ya misheni alikuwa akinibeba mabegani kuvuka mto Ruaha Mdogo wakati wa masika, na akinifikisha upande wa pili alinifuta miguu kwa majani ili nisiingie darasani na tope. Baba alipofariki, kaka akaenda Chunya kuchimba dhahabu kama vijana wengi wa wakati ule wa Mwingereza. Kutoka kwenye vumbi lile alimtumia mama mablanketi na chumvi. Pia alijifunza kunywa, akaishi na mwanamke bila ndoa, na habari zilipofika kanisani wazee walimtenga na meza ya Bwana. Hakurudi kuomba radhi. Alikuwa anasema ataomba akirudi nyumbani.

Halafu akafanywa nyapara wa kikundi chake cha wachimbaji. Katika kikundi hicho alikuwemo kijana kutoka upande wa Chimala ambaye alidhani cheo kile kitakuwa chake. Jioni moja, wakiwa wamekunywa, yule kijana alichukua mtaimbo akampiga kaka kichwani. Waliokuja mbio walimkuta amekaa kando ya maiti, hajakimbia.

Tulimzika hukohuko Chunya. Hakuna kengele iliyopigwa wala wimbo ulioimbwa, maana alikuwa nje ya kundi. Mume wangu, mwinjilisti ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu, alisimama kaburini na nguo za kawaida kama mpita njia. Nilimwomba aseme hata neno moja.

"Kanuni ni kanuni, mke wangu," aliniambia.

Niliikubali kanuni. Sikujua bado kwamba kuna mtu atakayetendewa vingine.

Yule kijana aliletwa Mbeya kumngojea jaji. Mume wangu ndiye aliyekuwa akiwahubiria wafungwa kila wiki, na nilidhani ataomba udhuru. Alipochukua Biblia yake siku ya kwanza nilimfuata mpaka mlangoni.

"Unakwenda?"

"Nakwenda. Ndiyo kazi niliyopewa."

"Mwache mwingine aende."

"Mwingine nani?"

Alikwenda. Juma lililofuata alikwenda tena, kisha akaanza kwenda hata siku zisizo zake. Akirudi alikuwa mtu wa furaha ya kimyakimya, kama mwalimu aliyepata mwanafunzi mwepesi wa kuelewa. Kijana ameanza kusoma. Kijana ameuliza swali ambalo hata mzee wa kanisa hajawahi kuliuliza. Nilimwandalia chakula akala bila kuona anachokula. Maswali yangu mimi hakuwahi kuyasimulia mahali popote.

Ukafika mwezi wa sita, na baridi ya Mbeya mwezi wa sita inajulikana. Nilikuwa nimemfumia sweta la sufu ya kijivu, kazi iliyonichukua kipupwe kizima cha mwaka uliotangulia. Siku hiyo alirudi kutoka gerezani na shati tupu, meno yanagongana.

"Sweta liko wapi?"

"Nimempa. Anakohoa sana."

Kijana alikuwa bado mahabusu, kwa hiyo walimruhusu kulivaa. Nilikaa jikoni nikafikiria sweta langu kwenye mabega yale. Kama ningemwona mwanamke mwenzangu amejifunga khanga yangu, ningejua pa kuanzia. Ningemfuata kisimani, ningemtukana, watu wangenitetea. Lakini huyu alikuwa mwanamume, tena yuko gerezani, tena huenda akanyongwa. Wivu wangu haukuwa na mahali pa kwenda, ukabaki ndani unachemka.

Jaji alipokuja, mahakama ilijaa. Nilikaa karibu na mume wangu. Wazee wa baraza walitoa maoni yao, mkalimani akatafsiri, na mwisho jaji akasema kijana anyongwe mpaka afe. Nilisikia moyo ukitulia kama maji ya mtungi. Nikageuka kumtazama mume wangu, nikitaraji nimkute naye ametulia. Alikuwa ameufunika uso kwa kiganja, na machozi yalikuwa yanapita kati ya vidole. Kule Chunya hakulia.

Jioni ile tuligombana kwa Biblia. Yeye alinikumbusha Kaini, aliyewekewa alama ili asiuawe, na yule mnyang'anyi aliyeokolewa akiwa msalabani. Mimi pia nilisoma misheni. Nilimtajia agano la Nuhu, kwamba damu hudaiwa kwa damu, na mtume aliyewaandikia Warumi kwamba mtawala hakupewa upanga wa kuchezea. Nilimwambia mnyang'anyi aliokolewa, sawa, lakini hakushushwa msalabani.

"Sisemi serikali haina haki," alijibu. "Ila mimi siwezi kupiga magoti nikamwomba Mungu mtu anyongwe. Jaribu wewe, uone kama ulimi utageuka."

"Nimejaribu," nilisema. "Uligeuka vizuri tu."

Ndipo nilipomuuliza jambo ambalo sikuwahi kuliuliza: kijana anasema alimuua kaka kwa nini.

"Wivu," alisema mume wangu. "Anasema hakuwa na sababu nyingine. Kaka yako alipendwa na kila mtu kule, na yeye ndiye aliyekuwa karibu naye zaidi. Wivu ukamla siku baada ya siku."

Niliinuka nikaenda kutazama moto, ingawa ulikuwa unawaka vizuri.

Jirani yetu alikuwa mke wa mfanyabiashara wa nguo, Mwislamu, watu wa asili ya pwani waliohamia Mbeya zamani. Alikuwa mkubwa kwangu na nilimwita dada. Alinikuta naanua nguo akanipa pole ya kesi, nikamweleza kwamba mume wangu na mmisionari wa kanisa letu wanataka kumwomba Gavana amhurumie kijana.

"Katika dini yetu wangewauliza nyinyi wenye damu," alisema. "Mkitaka auawe, mkitaka fidia, mkitaka msamehe. Wewe amekuuliza nani, mama mwalimu?"

"Hakuna aliyeniuliza, dada."

"Basi Mwalimu anasamehe cha nani?"

Maneno yale yalinikaa. Nilielewa kwamba zaidi ya sauti na sweta, mume wangu alikuwa amechukua na msamaha uliokuwa wangu, mimi na mama, akampelekea mtu gerezani kama kikapu cha ndizi. Pengine ningeutoa mwenyewe siku moja. Pengine nisingeutoa kamwe. Lakini ulikuwa mkononi mwangu, na nilipoutafuta nikakuta umeshagawiwa.

Mmisionari alisema ombi litakuwa na uzito zaidi likiwa na dole gumba la mama wa marehemu na sahihi ya dada yake. Nikamwambia mume wangu, kamuulize mama. Nilikuwa na hakika na jibu la mama. Tukapanda basi kwenda Iringa.

Tulimkuta anapukuchua mahindi uani. Aliitika salamu yetu ya kamwene, akatuletea vigoda, na mume wangu akaeleza kila kitu kwa Kihehe chake chenye lafudhi ya Kinyakyusa, ambacho siku nyingine kilimchekesha sana mama. Siku hiyo hakucheka. Alipukuchua hindi mpaka likabaki gunzi.

"Huyo kijana ana mama?"

"Alikufa zamani."

"Ana nguvu?"

"Anazo. Ni kijana."

"Basi msimnyonge. Mleteni hapa."

Mume wangu alinitazama, mimi nikatazama chini.

"Akinyongwa, watu wawili wamepotea na shamba liko palepale," mama aliendelea. "Wazee wetu walimleta mtu wa namna hiyo kwenye nyumba aliyoibomoa. Akakaa, akalima, akawa mtoto wa pale."

Mume wangu alimweleza kwa upole kwamba sheria ya serikali haina kifungu hicho, na kwamba Gavana akikubali sana, kijana atabaki jela maisha.

"Basi Gavana hajui kazi," alisema mama. Hata hivyo alinyoosha kidole kipakwe wino. Kisha akanigeukia. "Angelala chumba cha kaka yako. Kitanda bado kipo."

Hapo wivu ukazidi. Katika chumba kile nililala mimi nilipokuwa mgonjwa wa surua, kaka akahamia jikoni. Mume nilishampoteza kwa huyu mtu, na sasa mama anamtandikia kitanda. Niliisogeza karatasi kando.

"Mimi siandiki," nilisema.

"Sawa," alisema mume wangu. Njia nzima ya kurudi, hata basi liliposimama Chimala na abiria wote wakashuka kununua mchele, hakutumia sauti yake yoyote kati ya zile mbili.

Gavana alikataa. Kijana alibatizwa, kisha akahamishiwa gereza la mbali wanakonyongea. Habari ilitufikia tukiwa shambani tunachimba viazi. Mtu wa misheni alikuja, akamvuta mume wangu pembeni, akaondoka. Mume wangu alirudi kwenye tuta langu.

"Wamemaliza," alisema.

Nilingoja ule utulivu wa siku ya hukumu urudi. Haukurudi. Nilichokiona ni mume wangu ameketi juu ya tuta, mabega yanatikisika, na wazo lililonijia, nalisema kama lilivyokuwa, ni hili: nikifa mimi, atalia hivi?

Jumapili iliyofuata yalisomwa majina ya waliolala katika Bwana. Mume wangu alisoma jina la ubatizo la yule kijana, akamwita ndugu yetu. Nilisimama upande wa wanawake.

"Na kaka yangu," nilisema, nikalitaja jina lake lote.

Mzee mmoja akaniambia, "Mama mwalimu, kaa."

"Nitakaa akishatajwa."

Mume wangu aliitazama karatasi yake. "Sikuruhusiwa," alisema, tena kwa sauti ya chini, ile yangu, mbele ya watu wote. Nilichukua khanga yangu nikatoka nje.

Wazee waliniita. Mume wangu alikuwa ameketi miongoni mwao. Waliniuliza kama najuta kuvuruga ibada. Mimi nikawauliza swali langu: aliyeua yuko ndani, aliyeuawa yuko nje, je, ni nani aliyefundisha hivyo?

Mkubwa wao hakuwa mtu mbaya. Alijibu kwa huruma. "Mama, yule alitubu. Kaka yako hakupata nafasi."

"Na ni nani aliyemnyima nafasi?" nilisema.

Walinitenga na meza ya Bwana mpaka Pasaka. Tukiwa njiani kurudi nyumbani, mume wangu alisema, "Hilo swali lako ndilo nililotaka kumwambia Gavana. Kwamba mtu akiuawa, nafasi yake inakatwa, awe nani." Alidhani ananiunga mkono. Mimi niliona amechukua hata swali langu akampelekea yule.

Watu wa kanisa hunijia mpaka leo wakitaka kujua kama Mkristo anaweza kuunga mkono mtu kunyongwa. Huwaambia nilichokiona. Mimi nilikuwa Mkristo, nikataka mtu anyongwe, nikaliombea jambo hilo, na hakuna mzee wa kanisa aliyenikemea kwa hilo. Walinitoa kwa sababu nilitaja jina la marehemu. Na aliponyongwa sikupata kitu. Nilikuwa na wivu na mtu aliye hai, nikabaki na wivu na mtu aliyekufa, na huyo wa pili ni mgumu zaidi, maana hazeeki wala hakosei tena.

Mwaka uliofuata mtu mwingine alihukumiwa kifo hapo Mbeya, kwa kumuua jirani yake ambaye hatukumjua. Wakamwita mume wangu. Alisimama mlangoni na Biblia mkononi, hakutoka.

"Unaonaje?" aliniuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza.

"Ana ndugu, huyo aliyeuawa?"

"Nasikia ana mjane."

"Anza kwa mjane," nilimwambia. "Mfungwa utamkuta."

Akauliza njia ya kwenda kwa mjane huyo. Sikuijua. Tulitoka pamoja kwenda kuuliza.